Barua ya wazi kwa vijana wa fasihi: msomeni Said kabla ya kumnukuu

Wanangu wapendwa,

Siku hizi jina la mhakiki wa fasihi Edward Said halikosekani katika tasnifu zenu. Linatajwa ukurasa wa kwanza kisha halionekani tena, kama mgeni rasmi aliyefungua mkutano akaondoka zake. Mimi mzee wenu, niliyesahihisha kazi za namna hiyo miaka mingi, nina neno.

Said, Mpalestina aliyezaliwa Yerusalemu mwaka 1935 na kukulia Cairo, hakuanza na nadharia. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1966, kilimhusu Joseph Conrad, na humo alizipekua barua za mwandishi huyo pamoja na hadithi zake fupi. Orientalism, kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoichora Mashariki, kilitoka 1978, akiwa amekwisha kufundisha Chuo Kikuu cha Columbia miaka kumi na mitano hivi. Aliposema kwamba "Mashariki" ya vitabu vya Ulaya imefungamana na nguvu za watawala, alikuwa na kurasa za kuonyesha.

Tazameni alivyoisoma Mansfield Park, riwaya ya Mwingereza Jane Austen, katika kitabu chake cha 1993. Sir Thomas Bertram ana jumba la fahari Uingereza, na ana mali Antigua, kisiwa cha mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Fanny, mpwa wa mkewe anayelelewa humo, anamwuliza habari za biashara ya utumwa. Waliokuwapo wote kimya. Wengi wetu tulipapita hapo mbiombio. Said alisimama. Halafu, na hili ndilo mnaloliruka, hakusema riwaya itupwe. Aliihesabu kuwa kazi bora, akataka tulisome jumba lile na shamba lile kwa pamoja.

Ninyi mnaandika "mwandishi huyu ni kibaraka wa wakoloni", basi, kazi imekwisha. Hukumu hiyo mtu anaweza kuitoa bila hata kufunua kitabu.

Wala msimfanye mtume. Katika Orientalism wanazuoni wa Kijerumani karibu hawamo, na mwenyewe alilikiri pengo hilo. Mkosoeni, ila kwa kurasa. Yeye hakuwaonea haya hata wa kwake: alikuwa mjumbe wa Baraza la Taifa la Palestina, yaani bunge la Wapalestina, tangu 1977 hadi 1991, lakini makubaliano ya Oslo kati ya viongozi wa Wapalestina na Israeli yalipotiwa saini 1993 aliyapinga hadharani.

Kwa hiyo anzeni na mwandishi mnayempenda, wa kwenu. Nani anapika katika riwaya yake, nani hapewi jina, fedha za shujaa zinatoka wapi? Andikeni kurasa mbili juu ya aya moja, ndipo mumfungue Said.