Hatua za kusimika Windows zihaririwe kwa skripti

Mhariri,

Mafundi wengi wa maabara za shule, Kampala hadi Gulu, hubofya hatua moja moja kwenye Deployment Workbench, dirisha la MDT (zana ya Microsoft ya kusimika Windows kwenye kompyuta nyingi), wakibadilisha mifuatano yake, yaani orodha za hatua za usimikaji. Huko ni kujichosha bure; skripti, yaani amri zilizoandikwa zikajiendesha zenyewe, ingefanya kazi hiyo. Kila mfuatano ni faili ya ts.xml, ndani ya folda ya Control ya MDT. Inakilini kwanza, kisha fungeni dirisha la mfuatano huo: mkiliacha wazi mkabonyeza OK baadaye, mabadiliko ya skripti yatapotea. PowerShell, lugha ya skripti ya Windows, iisome faili kama XML (maandishi yaliyopangwa kwa alama maalumu), itafute hatua isiyotakiwa kwa jina lake, igeuze sifa yake ya disable kuwa "true" ili izimwe, ihifadhi. Kubadilisha maneno kiholela ni hatari; alama ya & isiyoandikwa & hufanya faili nzima isisomeke. Jaribuni kwenye mashine 1 kabla ya zote.

Fundi wa mifumo,
Mbarara