Barua ya malalamiko: Ripoti za malipo ya korosho zinakatika kila tukibadilisha printa

Chama cha Msingi cha Ushirika,
Tandahimba, Mtwara.
12 Novemba 2024

Mkurugenzi,
Kampuni iliyotutengenezea kanzidata ya wakulima,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU PAMBIZO ZA RIPOTI ZA MALIPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni karani wa kumbukumbu wa chama. Nimeshawapigia simu mara mbili kuhusu jambo hili, na mara zote nikajibiwa kwamba printa yetu ni mbovu. Printa ni nzima.

Wiki iliyopita, baada ya mnada, bibi mmoja alikuja dirishani ameshika karatasi moja tu ya ripoti yake ya malipo, ile ya pili. Ya kwanza ilikuwa imechanganyika na za wenzake. Malipo yake ni shilingi 1,284,000. Ripoti yenu iliikata namba katikati: "1,28" ikabaki kwenye karatasi ya kwanza, "4,000" ikarukia ya pili, bila jina wala kilo. Akaniuliza, "Mwanangu, korosho zangu zote ndiyo elfu nne?" Nilimwonyesha kwenye kompyuta, nikaitafuta karatasi ya kwanza, nikaziunganisha kwa selotepu mbele yake. Akaridhika. Lakini waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walishasikia hiyo elfu nne, na hadi jioni nilikuwa najibu maswali ya makato. Mkulima akiona namba imekatika hawazi printa, anawaza kaibiwa. Simlaumu.

Chanzo nimekitafuta mwenyewe kwa rula. Ripoti mmeichora kwa upana wa sentimita 19. Karatasi ya A4 ina sentimita 21. Kwenye kompyuta yenu pambizo, yaani nafasi tupu za pembeni, ni milimita 6.4 kila upande, kwa hiyo inaingia kwa kubana. Sisi tunachapa kwenye printa tatu: ya leza ya hapa ofisini, ya wino ya mhasibu, na tona ikiisha tunakimbilia duka la steshenari pale stendi. Tukihama printa, pambizo zinarudi sentimita 2.54 kila upande. Hapo 19 jumlisha 5.08 ni 24.08, na A4 haina nafasi hiyo. Kinachozidi kinamwagikia ukurasa mwingine, na ndiyo hiyo safu ya malipo. Wanachama 412 ambao rimu moja ingewatosha, sasa wanakula karatasi 824.

Kule dukani kuna la ziada. Kompyuta yao imepangwa kwa karatasi ya Letter, ambayo ni fupi kuliko A4 kwa milimita 18, basi mstari wa sahihi ya meneja unaangukia ukurasa wa peke yake.

Ningerekebisha mwenyewe, ila nakala ya kanzidata mliyotupa mmeifunga. Mchoro wa ripoti haufunguki. Nikibadilisha pambizo kwa mkono, nikifunga ripoti zinapotea, naanza upya.

Tunaomba mfanye mambo mawili. Kwanza, punguzeni upana wa ripoti usizidi sentimita 15.5. Safu ya maelezo ya ghala ni pana bure, ikatwe hiyo. Pili, wekeni msimbo, yaani maagizo ya programu, unaopanga pambizo na karatasi ya A4 kila ripoti inapofunguliwa, kwa printa yoyote itakayochaguliwa. Kanzidata mmeijenga kwa programu ya Access ya Microsoft, na Access tangu toleo la 2002 inalikubali jambo hilo. Mkishamaliza, ijaribiwe kwenye printa zetu zote tatu mimi nikiwepo, isiishie kwenye ile ya mezani kwenu.

Mnada mwingine ni wiki ijayo. Tunaihitaji nakala iliyorekebishwa kabla ya siku hiyo, bila malipo ya nyongeza, kwa kuwa kazi hii tulishailipia yote. Ikishindikana, tupeni nakala isiyofungwa tujirekebishie.

Natanguliza shukrani.

Karani wa Kumbukumbu,
kwa niaba ya Meneja wa Chama