Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: Kabla ya Kununua Droni za Doria Ziwani

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pole na majukumu. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kila mtu mwaloni alijionea kulinda maji mapana namna hii si kazi ndogo. Siku ikija hoja ya droni zenye akili mnemba, mimi nitaiunga mkono. Ila naomba zabuni isiishie kwenye umbali zinaoruka. Iulize pia: askari anayeziongoza usiku wa manane anaonyeshwa nini?

Kamera ya joto, kwa mfano. Kwa mpangilio mmoja chenye joto huonekana cheupe, kwa mwingine cheusi. Skrini isipotaja waziwazi mpangilio uliopo, aliyechoka ataisoma picha kinyume. Sasa uje mtumbwi kutoka kusini, abiria wamejilaza kati ya magunia, jiko la mkaa halijapoa, kusi inavuma. Programu inauzungushia mstari mwekundu: mvuvi haramu. Ina uhakika kiasi gani? Imeona nyavu, au imeona jiko? Askari asipoambiwa, ataamini tu.

Wala si uzembe wake. Mwanasaikolojia Norman Mackworth alichapisha mwaka 1948 majaribio yaliyotokana na kazi ya watazama rada: umakini wa mtu hushuka ndani ya nusu saa. Na Machi 2003, vitani Iraki, mtambo wa Marekani wa kutungua makombora, Patriot, uliidhania ndege ya Uingereza aina ya Tornado kuwa kombora. Wahudumu walikuwa wamefundishwa kuuamini na kuchukua hatua upesi. Wakafyatua, na wawili waliokuwamo wakafa. Hilo linaniuma, maana ziwani kwetu boti ya doria ikikurupushwa gizani, wanaoweza kuzama ni mama na watoto wake.

Kwa hiyo maandishi yawe ya Kiswahili, shaka ya mashine ionekane, zamu ziwe fupi, na askari aitazame picha kwanza kabla ya kuonyeshwa jibu la programu.

Tena droni zijaribiwe hapahapa Kibirizi, usiku, kwa mitumbwi yetu yenye magunia na majiko. Waziongoze askari wenyewe, si fundi wa muuzaji. Watu wa kupanda mitumbwi hiyo tutajitolea.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwananchi wa Kibirizi, Kigoma