Risala ya Wabunifu Majengo kwa Mgeni Rasmi katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Chama na wajumbe wa Kamati Tendaji,
Wageni waalikwa,
Wanachama wenzangu, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wabunifu majengo wa Tanzania waliokusanyika katika ukumbi huu, tunakushukuru kwa kuukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyo nayo. Tungeweza kutumia nafasi hii kukueleza habari za chama chetu kwa ujumla, lakini wanachama wameagiza kwamba mwaka huu tuseme jambo moja tu: namna mbunifu majengo anavyopata kazi ya Serikali, mkataba anaousaini, na msaada anaoupata kutoka kwa chama chake pale mkataba huo unapomlemea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mara nyingi chama chetu huchanganywa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, kwa hiyo tuanze kwa kuvitenganisha. Bodi inafanya kazi chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010. Inasajili wataalamu na kampuni, inakagua maeneo ya ujenzi, na inamwajibisha anayekiuka maadili, kwa ajili ya usalama wa umma. Tunaiheshimu na tunaitii. Hata hivyo, mbunifu anapodai ada yake, au anapowekewa mezani mkataba wenye kifungu kinachomfilisi, si kazi ya Bodi kusimama upande wake. Kazi hiyo ni ya chama, na kwa wenye ofisi ndogo, ambao ndio wengi miongoni mwetu, hakuna mwingine wa kumkimbilia.

Naomba niueleze mkasa wa ofisi yangu mwenyewe, kwa kuwa ndio ulionifanya nikubali kuisoma risala hii. Miaka kadhaa iliyopita nilishinda zabuni ya kubuni jengo la utawala la taasisi moja ya umma. Nilikuwa na watumishi wanne, na furaha ya kupata kazi ya Serikali kwa mara ya kwanza ilinifanya nisaini mkataba ndani ya siku mbili bila kumwonyesha mtu yeyote. Kifungu cha malipo kilisema kuwa asilimia 20 ya ada ingelipwa baada ya michoro ya awali kukubaliwa, na asilimia 50 baada ya mkandarasi kuteuliwa. Niliyasoma maneno hayo nikayaona ya kawaida. Michoro ya awali ilikubaliwa. Tukaendelea na michoro ya kina, tukawalipa wahandisi tuliowashirikisha, tukakabidhi kila kitu pamoja na makadirio ya gharama. Kisha fedha za mwaka ule zikapangiwa shughuli nyingine, na mkandarasi hakuteuliwa. Kazi yetu ilikuwa imekamilika, lakini kwa mujibu wa mkataba niliousaini kwa mkono wangu, siku ya kulipwa ilikuwa haijafika na isingefika.

Chama kiliusoma mkataba ule upya, kifungu baada ya kifungu, na katika masharti ya jumla kikakuta maneno ambayo mimi niliyaruka: kwamba mteja akisitisha kazi kwa zaidi ya siku 90, mshauri elekezi, yaani mbunifu aliyepewa kazi, anaweza kudai malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya. Mwanachama mmoja alijitolea kupima kiasi cha kazi iliyokamilika, barua ya madai ikaandikwa kwa lugha ya staha, na wajumbe wawili wa kamati wakaketi pamoja nami katika majadiliano. Sehemu kubwa ya deni ililipwa baada ya mwaka mmoja na miezi minne. Wakati huo watumishi wangu wawili walikuwa wameshaondoka kutafuta riziki kwingine, na hadi leo huwa najiuliza wangefika wapi kitaaluma kama ningeupeleka mkataba ule kwenye chama kabla ya kuusaini.

Ndiyo maana sasa tunamwomba kila mwanachama alete rasimu ya mkataba mapema, wakati bado inajadilika. Wanaoisoma ni wabunifu wazoefu pamoja na mwanasheria. Jambo la kwanza wanaloliangalia ni kile ambacho malipo yamefungwa nacho, kwa sababu ada ya michoro inapaswa kulipwa michoro inapokabidhiwa na kukubaliwa, na haifai kusubiri tukio ambalo mbunifu hana uwezo nalo, kama kuteuliwa kwa mkandarasi au kupatikana kwa fedha za ujenzi. Baada ya hapo huangalia kazi ikisitishwa nini kitafuata, mipaka ya dhima ya mbunifu kosa likitokea na kama bima yake inatosha kuibeba, na mgogoro utapelekwa wapi. Katika hili la mwisho nchi yetu ina bahati. Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoanzishwa kwa Sheria Na. 20 ya mwaka 1979, limekuwa likisimamia usuluhishi wa migogoro ya ujenzi, na mkataba wake wa kazi za majengo wa mwaka 2000 umetufundisha wengi wetu maana ya mkataba uliopimwa pande zote.

Lipo pia suala la umiliki wa michoro, ambalo linatuumiza zaidi ya linavyosemwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za usanifu majengo, ila mikataba mingi huandikwa kwamba michoro yote ni mali ya mteja. Hatuna ugomvi na mteja kubaki na michoro ya jengo lake. Tunachoomba ni kwamba mchoro uliobuniwa kwa ajili ya kiwanja kimoja, chenye udongo wake na mteremko wake, usijengwe katika wilaya nyingine bila aliyeubuni kujua, kwa kuwa jina lake ndilo lililogongwa muhuri juu yake na ndiye atakayeulizwa ukuta ukipasuka. Hali hii tunaiona hata katika baadhi ya miradi ya fosi akaunti, yaani ile ambayo taasisi ya umma hujenga yenyewe kwa mafundi wa kawaida badala ya kumpa mkandarasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuhusu ununuzi wenyewe, tunaipongeza Serikali kwa dhati. Mfumo wa NeST, yaani mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023, umeondoa safari za kupeleka makabrasha kwa basi usiku kucha ili kuwahi kufunguliwa kwa zabuni, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 imeupa mfumo huo nguvu. Chama kinawaelekeza wanachama kusajili kampuni zao humo, kuandaa andiko la kiufundi na andiko la fedha, kuomba ufafanuzi kabla muda haujapita, na, inapolazimu, kuwasilisha malalamiko kwa Afisa Masuuli, yaani mtendaji mkuu wa taasisi iliyotangaza zabuni, kwanza na baadaye Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma. Wapo wanachama wanaoogopa kulalamika wakidhani watanyimwa kazi siku za usoni. Tunawaambia kwamba rufaa ni haki iliyowekwa na sheria, na tunakuomba Mheshimiwa ulirudie neno hilo mbele yao leo, maana likitoka kwako litakuwa na uzito kuliko likitoka kwetu.

Linalotusumbua ni namna bei inavyopimwa. Chukua mfano wa kampuni mbili zinazoshindania kubuni hospitali, ambapo ubora wa kiufundi umepewa uzito wa asilimia 80 na bei asilimia 20. Kampuni ya kwanza imepata alama 90 za ufundi na imeomba ada ya shilingi milioni 100. Ya pili imepata alama 78 na imeomba milioni 50. Kwa kanuni inayotumika sana, mwenye bei ya chini hupata alama 100 za bei, na mwenye bei mara mbili yake hupata 50. Ukijumlisha, ya kwanza inapata 82, ya pili inapata 82.4, na ya pili ndiyo inayoshinda. Kwa macho ubora umepewa asilimia 80, lakini aliyekata ada kwa nusu amempita aliyebuni vizuri zaidi. Uzito wa bei ungekuwa asilimia 10, ya kwanza ingepata 86 na ya pili 80.2. Nusu ya ada iliyookolewa haipotei hewani, Mheshimiwa. Inakatwa kwenye safari za ukaguzi, kwenye michoro ya kina, na kwenye saa ambazo mhandisi angekaa na mbunifu kutafuta paa linalopitisha hewa wodini. Marekani iliamua tangu mwaka 1972, kwa sheria, kwamba serikali yake kuu imchague mbunifu kwa sifa kwanza, kisha ndipo wajadiliane ada.

Sisi nasi tunao ushahidi wetu. Soko la Kariakoo, lililobuniwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilipewa paa la miavuli ya zege inayokinga jua na papo hapo kuvuna maji ya mvua. Wazo la namna hiyo huzaliwa pale mbunifu anapopewa muda wa kufikiri, na muda huo ndio unaolipiwa na ada.

Tunaomba, kwa heshima kubwa, Serikali ikae na chama chetu kuandaa mkataba wa mfano wa huduma za ubunifu majengo utakaotumiwa na taasisi nunuzi zote, na kwamba majengo yenye ugumu wa pekee, kama hospitali na masoko, yapewe uzito mkubwa zaidi wa ubora. Tunaomba pia suala la kodi litazamwe. Mtoa huduma za kitaaluma anatakiwa kusajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani bila kujali ukubwa wa mapato yake, na akishatoa ankara, kodi hiyo inadaiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama taasisi ya umma aliyoihudumia italipa baada ya miezi minane. Mwenye ofisi ya watu wanne hukopa ili ailipe Serikali kodi ya fedha ambazo Serikali yenyewe bado haijampa.

Rasimu ya vifungu tunavyovipendekeza, pamoja na nakala ya risala hii, imo katika bahasha ambayo Mwenyekiti wetu atakukabidhi sasa hivi. Tutashukuru tukipangiwa siku ya kuja kuijadili na wataalamu wako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.