Mheshimiwa Waziri, wahariri wa vitabu watatoka wapi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Mheshimiwa,

Tangu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, waandishi waliokuwa wamekata tamaa wameanza kutoa miswada yao kabatini. Nashukuru kwa dhati. Ila mswada ukishashinda unahitaji mhariri, msoma prufu, mchoraji na msanifu wa kurasa, na watu hao wanazeeka bila warithi.

Kazi hii hujifunzwa mezani. Kijana hukaa na mzoefu, wakaupitia mswada mstari kwa mstari, akaambiwa kwa nini aya hii imefutwa na ile imeachwa. Tanzania Publishing House, nyumba ya vitabu iliyoanzishwa mwaka 1966, iliongozwa na Walter Bgoya kuanzia 1972. Ujuzi alioupata pale ndio alioingia nao katika kampuni yake ya vitabu, Mkuki na Nyota, mwaka 1991.

Mwaka 2013 jukumu la vitabu vya kiada lilitoka kwa wachapishaji binafsi likarudi Taasisi ya Elimu Tanzania. Sababu zilikuwepo na sizibishii. Lakini mauzo ya vitabu hivyo ndiyo yaliyokuwa yakimlipa mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi kwa mzoefu. Leo wachapishaji wengi hutafuta mhariri wa kibarua, anamaliza mswada, anaondoka. Kijana atajifunza kwa nani?

Shahada ya Kiswahili pekee haimwandai mtu kwa kazi hii. Haimfundishi kugundua kwamba mhusika aliyekuwa yatima sura ya pili anapigiwa simu na mama yake sura ya tisa, wala kuhakiki kila jibu la kitabu cha hisabati. Hata programu za kupanga kurasa, nyingi zikiwa hazikuundwa kwa Kiswahili, hukata neno mwisho wa mstari mahali ambapo silabi haijaisha, na asiyefundishwa hulipitisha hivyo hivyo hadi mtambo wa chapa. Mwaka 2017 Bunge lilijadili makosa ya vitabu vya kiada, na shuleni mtoto huamini kilichoandikwa kitabuni.

Naomba mambo mawili. Kila mswada wa Tuzo unaochapishwa ushikwe na mhariri mzoefu pamoja na mwanagenzi anayelipwa, na majina yao wote wawili yaandikwe kwenye ukurasa wa hakimiliki. Pia, zungumza na wenzako wanaosimamia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, ambayo imekwisha kuwapeleka vijana viwandani na hotelini kama wanagenzi, iwafungulie na nyumba za vitabu. Wahariri wakongwe wa kuwapokea bado wapo, na wengine wako tayari kuanza hata mwezi ujao.

Wako katika kazi ya vitabu,
Mhariri, Dar es Salaam