Yah: Bodi sita za kamera zisizotoa picha, na nilivyofanyiwa kwenye kaunta yenu

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Tawi la Mjini, Unguja.

Ndugu Meneja,

Assalaam alaykum.

Naandika nikiwa na risiti yenu ya bodi sita, yaani kompyuta ndogo za kuendeshea kamera, mbele yangu na nikijizuia kadiri ninavyoweza. Masharti ya waranti mnayajua nyinyi mlioyatunga, kwa hiyo sitapoteza nafasi kuyanukuu. Ninalotaka mlijue kwanza ni kwamba kijana wenu wa kaunta ya ufundi ameandika kwenye fomu ya marejesho maneno "kosa la mtumiaji, kamera imeungua" bila hata ya kuichomeka bodi kwenye umeme, na kwamba karatasi niliyomletea, yenye kumbukumbu zote za keneli (kiini cha mfumo wa Linux unaoendesha bodi) tangu bodi inapowaka, aliigeuza akaniandikia bei ya kamera mpya nyuma yake.

Kamera haikuungua. Mfumo mliouweka wenyewe kwenye bodi hizi, wa Linux toleo la 5.10, ukiwaka unaiamsha draiva, yaani programu ya kuendeshea kifaa, ya kihisi (jicho la kamera) cha aina ya OV5647, ikiite kihisi hicho kwenye anwani 0x36 ya I2C, njia ambayo bodi huzungumza na vifaa vyake, kisha unarudi na kosa -121, yaani aliyeitwa upande wa pili hakuitika. Hakuitika kwa sababu hayupo. Risiti yenu inasema mmeniuzia kihisi cha aina nyengine, OV5640, na nilipoikagua njia hiyo anwani moja baada ya nyingine kwa amri ya i2cdetect, kamera iliitika pale pale inapotarajiwa OV5640 kuitika, kwenye 0x3c. Sikutosheka na hilo. Nilizisoma rejista zake mbili za utambulisho (sehemu ndani ya kihisi zinazohifadhi namba ya aina yake), 0x300A na 0x300B, nikapata 0x56 na 0x40, yaani 5640. Ingelikuwa ni OV5647, hiyo ya pili ingesomeka 0x47. Vihisi hivi vyote viwili ni vya OmniVision, vyote ni vya megapikseli 5, na namba zao zinatofautiana kwa tarakimu ya mwisho tu, kwa hiyo si vigumu kuona jinsi mtu mwenye haraka alivyolinakili faili la ramani ya vifaa, linaloiambia keneli kifaa gani kiko wapi, la bodi nyengine akalitia kwenye yenu na kwenda zake. Lakini kihisi kilichoungua kwa kawaida hakijibu kikiulizwa namba yake. Hiki kimejibu, na kimejibu sawasawa, kwenye bodi zote sita. Au mnataka niamini kwamba zote sita ziliungua kwa pamoja zikiwa ndani ya maboksi yake?

Mwenzenu mmoja aliniuliza kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayetaka kukata, kwa nini basi nisirekebishe mwenyewe. Nimerekebisha, Ndugu Meneja. Faili la ramani ya vifaa nimeliandika upya, nikataja OV5640, nikaweka anwani 0x3c na njia mbili za data, na keneli ikalipokea bila ya kunung'unika. Kilichokosekana ni draiva yenyewe. Usanidi wa keneli yenu unasomeka na yeyote anayefungua /proc/config.gz, na humo kipengele cha CONFIG_VIDEO_OV5640 kimezimwa, ingawa draiva hiyo imo ndani ya keneli rasmi tangu toleo la 4.13 la mwaka 2017. Mmeuza kamera na kuizima draiva yake. Nikachukua keneli rasmi ya 5.10, nikaitengeneza draiva hiyo kama moduli ya pembeni, yaani kipande cha kuongezea keneli, na keneli yenu ikaikataa, kwa kuwa alama ya toleo lenu si sawa na ile ya keneli rasmi. Mmeingiza mabadiliko yenu ambayo hamkuyatoa kwa mtu. Bila ya msimbo wa chanzo mlioutumia, yaani maandishi asilia ya programu, fundi yeyote, awe wa Wete au wa Tokyo, atakwama hapo hapo.

Ndiyo maana niliomba msimbo huo kwa barua pepe, kwa adabu, nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba "hiyo ni siri ya kampuni". Siri gani? Keneli ya Linux inatolewa chini ya GPL toleo la 2, leseni ya programu huria, na kifungu cha 3 cha leseni hiyo kinamtaka anayeisambaza ikiwa tayari imeshakusanywa (imegeuzwa kutoka msimbo kuwa programu ya kuendeshwa na mashine) aitoe pamoja na msimbo wake kamili, au atoe ahadi ya maandishi ya kuutoa, yenye kudumu si chini ya miaka mitatu. Ndani ya boksi lenu nimekuta karatasi ya matangazo na kijitabu cha usalama wa umeme. Ahadi hiyo sikuikuta. Na kifungu hicho hakiishii kwenye msimbo peke yake, kinataka pia skripti za kuukusanya na kuusimika.

Ni jibu hilo la barua pepe lililonipandisha boti Mkoani kuja Mjini, kwa nauli yangu. Na hapa inanibidi nirudi kwenye kaunta, kwa sababu fomu yenu haikuandika yaliyopita. Nilikuja na bodi, na kamera, na kompyuta yangu ili nimuonyeshe kijana huyo kihisi kikiitika mbele ya macho yake. Hakunipa nafasi ya kuifungua kompyuta. Aliuliza ni nani aliyenifungia waya bapa wa kamera, nikamwambia ni mimi mwenyewe. Akachukua kalamu, akaikongoa kwa ncha ile klipu ndogo nyeusi inayoushika waya kwenye soketi, klipu ikaruka ikaangukia sakafuni, naye akasema, "Unaona? Ishavunjika." Iliyovunja ni kalamu yake! Kisha, watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yangu, akaniambia, "Bi mkubwa, vitu hivi vinataka watu waliovisomea. Huko Pemba hamna fundi?" Foleni ikacheka. Fundi huyo wa Pemba ndiye mimi. Nikamsogezea karatasi, nikamuonyesha kwa kidole mstari wa kosa -121 niliokuwa nimeupigia wino mwekundu, naye hakuusoma. Aliigeuza, mstari ule ukalala kifudifudi juu ya kioo cha kaunta, na kwa kalamu ile ile iliyovunja klipu akaandika bei ya kamera mpya akaizungushia duara. Karatasi hiyo ninayo, na pande zake zote mbili ni ushahidi.

Kamera hizi zilikuwa za kuangalia majamvi ya kuanikia karafuu, na msimu haungoji kaunta yenu. Wanachama wa ushirika wetu walizichangia kutoka mifukoni mwao, na wao hawaniulizi habari za rejista, wananiuliza picha iko wapi.

Nilipoianza barua hii nilikusudia kuomba mambo mawili tu: msimbo kamili wa keneli yenu pamoja na faili la usanidi wake, na mfumo mpya wenye draiva ya OV5640 iliyowashwa. Sasa naona hayo hayatoshi. Nataka bodi iliyovunjwa klipu na mtumishi wenu ibadilishwe bila malipo. Nataka fomu ile ifutwe na iandikwe nyengine yenye kosa halisi, kwamba mfumo wenu unaita kihisi ambacho hamkukiuza. Nataka nauli yangu ya kwenda na kurudi. Nataka pia barua ya kuniomba radhi, na ibandikwe kwenye kaunta ile ile, mahali ambapo foleni inaweza kuisoma.

Mkishindwa kutekeleza hayo yote ndani ya siku 14 tangu kuipokea barua hii, nitazirejesha bodi zote sita na kudai fedha zote, na nitaifikisha karatasi ile pamoja na risiti kwenye Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Nitawaandikia pia wenye hakimiliki ya msimbo wa keneli, na huko habari itakuwa kubwa kuliko kamera sita, kwani kwa kifungu cha 4 cha leseni hiyo hiyo, anayeisambaza keneli kinyume cha masharti haki yake ya kuisambaza inakatika, na mfumo huo mmeuweka kwenye kila bodi mnayoiuza.

Jibu nalitaka kwa maandishi, lenye saini na muhuri wa kampuni. Msinipigie simu.

Mteja wenu,
Fundi wa Ushirika,
Wete, Pemba.

Nakala: Mwenyekiti na Mshika Fedha wa Ushirika.