Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Protini Zinazopotea Njiani

Ndugu wanachama,

Mwaka huu karibu nguvu zetu zote zilielekezwa kwenye protini za seli moja moja zinazopotea kabla hazijafika kwenye spektrometa ya tungamo, mashine inayozitambua kwa kupima tungamo (uzito) la vipande vyake. Baadhi yenu mlitaka tujikite kwenye mashine mpya. Nawaelewa, ila naamini tulichagua vyema.

Seli moja ya mamalia huwa na protini zisizozidi pikogramu mia chache. DNA ikiwa kidogo huzidishwa kwa PCR, mbinu ya kuinakili mara nyingi. Protini haizidishwi, na inayonata kwenye kuta za kichupa ndiyo imekwenda. Kwa hiyo kikundi cha maandalizi ya sampuli kimeshikilia msimamo mmoja: seli ipasuliwe, protini zikatwe kwa kimeng'enya cha tripsini na vipande vyake, yaani peptidi, vipimwe bila kuhamahamishwa vyombo, katika tone dogo iwezekanavyo. Sabuni ya SDS, ambayo hufifisha ishara za ioni (chembe zenye chaji ambazo mashine hupima), waliiacha wakatumia DDM, sabuni laini inayopunguza pia kunata. Kazi hii haina sifa za haraka, na nawashukuru kwa dhati walioirudia wiki baada ya wiki. Keratini, protini ya ngozi zetu wenyewe inayoingia kwenye sampuli, bado inatusumbua.

Mjadala mkubwa zaidi ulihusu upimaji. Kwa njia iliyozoeleka, mashine huchagua peptidi zenye ishara kubwa na kuzivunja ili izitambue. Ukirudia kipimo, huchagua nyingine, na jedwali la matokeo hubaki na mapengo. Njia isiyochagua huvunja kila kilichomo ndani ya dirisha la tungamo, yaani kati ya tungamo mbili zilizowekwa, kisha programu ndiyo hutenganisha. Mapengo hupungua sana. Mimi naiunga mkono, lakini mzigo wa uaminifu sasa umehamia kwenye programu, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Kikomo cha makosa cha 1% maana yake ni kwamba katika peptidi 5,000 zilizotambuliwa, 50 hivi huenda si za kweli. Namba zilizojazwa kwa makadirio kwenye mapengo nazo zisichanganywe kimyakimya na zilizopimwa.

Kamati inapendekeza kwamba kuanzia mwaka ujao kila matokeo yatakayowasilishwa kwetu yaambatane na data ghafi pamoja na kipimo cha sampuli tupu, isiyo na seli. Naomba mlipigie kura pendekezo hili leo, kabla ya uchaguzi wa kamati.

Mwenyekiti